Kurasa Nilizokusingizia

Mzee Athumani,

Shikamoo. Najua marahaba siipati tena, lakini nimekuamkia tangu nikiwa na miaka ishirini na mitano na mdomo wangu haujui kuanza vingine. Nakuandikia nikiwa mezani jikoni kwangu, hapa ughaibuni, Minto, saa nane mchana. Nimetoka kazini ghalani, nimeoga mpaka ngozi inalalamika, na bado kalamu hii naishika kwa wasiwasi, maana nimeitoa kazini na sijui nani aliitafuna kabla yangu. Ulikuwa ukisema, "Gervas akisikia kivuli chake kimekohoa, atahama mtaa." Basi, Mzee, siku hizi mji mzima umekuwa Gervas.

Nimetumwa. Mkeo, Bi Zuhura, amesema kuna jambo nililokufanyia ukiwa hupo, na yeye hawezi kunisamehe kwa niaba yako. "Uliyemsingizia ni yeye. Mwambie mwenyewe." Nikamuuliza nitamwambiaje mtu aliyekwisha zikwa. Akasema, "Si umefanya kazi ya vitabu miaka yote hiyo? Andika." Kwa hiyo naandika. Nitaanza mbali kidogo kwa sababu naogopa kufika.

Ulizikwa na watu kumi. Ndio walioruhusiwa. Wewe uliyekuwa ukienda harusi za Wakongo usiowajua na kurudi na sahani mbili umezifunika, ulisindikizwa na watu kumi wenye barakoa, wamesimama mbalimbali kama waliogombana. Mfuko wa maiti haukufunguliwa. Sheikh alikufanyia tayamamu juu ya plastiki. Mama, Bi Zuhura mwenyewe, hakuwepo; aliishi na wewe, kwa hiyo alikuwa karantini, peke yake kwenye fleti yenu ya Fairfield, anatazama simu kama sisi. Mimi simu yangu niliiegemeza kwenye kopo la sukari. Mtandao ulikwama ulipokuwa unashushwa, ukabaki hewani, huendi chini wala juu, na mimi nikaanza kutetemeka. Nikadhani ni dalili. Nikajipima joto nikiwa nakuzika. Nisamehe.

Kisha wakasema tumsikie mfanyakazi mwenzake wa zamani, yaani mimi, dakika mbili. Mzee, niliogopa ule ukimya. Niliuona uso wa Mama kwenye kidirisha chake kidogo, nikataka kumpa kitu cha kushika. Nikasema, "Mama, Mzee hakuondoka na kazi mkononi. Kitabu chake kimekamilika. Nimekisoma prufu mwenyewe. Kurasa mia tatu na kumi na mbili." Mama akaweka kiganja kifuani, akalia kilio cha mtu aliyepata pa kulilia.

Niliamini nilichosema. Hilo naomba ulijue kwanza.

Kosa langu unalijua tangu Dar es Salaam. Uliponipokea kwenye ile nyumba ya uchapishaji, wewe mhariri mkuu, mimi msoma prufu niliyevaa tai ya kuazima, ulinifundisha kusoma ukurasa kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, ili hadithi isinibebe nikaacha kuona makosa. Nikaushika ufundi huo nikauzidisha. Nilisoma hivyo vitabu vya historia, vya kilimo cha mhogo, vya malezi ya watoto. Wageni wakija ulikuwa ukinitambulisha: "Huyu ni Gervas. Amesoma vitabu mia mbili na hajui kimoja kinahusu nini." Watu wanacheka, mimi nacheka kuliko wote, na jioni nakwenda nyumbani nikijua kwamba ni kweli.

Na kitabu chako nilikisoma vilevile.

Yule Mmarekani wa kitabu chako ulimpata sokoni Fairfield, kwenye meza ya vitu vya mtumba, katikati ya pasi mbovu na viatu vya watoto. Kitabu cha kale kisicho na katikati. Kurasa chache za mwanzo, zinaruka, chache nyingine, zinaruka tena, na mwishoni karatasi zenye mistari mitupu na majina ya watu kwa wino uliofifia. Ndani ya jalada, vipande vitatu vya ngozi na kitambaa. Muuzaji alidhani kimechanika, akakupa karibu na bure. Wewe ulinipigia simu unahema kama umefukuzwa. "Gervas, hiki si kibovu! Hiki ni kitabu cha mfano!" Ukanieleza: huko Marekani, karne ya kumi na tisa, mchapishaji aliwatuma watu nyumba kwa nyumba na kitu kama hicho. Mwenye nyumba anaonja kurasa mbili tatu, anachagua jalada, anaandika jina lake kwenye mstari, na kitabu kizima kinamfuata baadaye.

Aliyekitoa aliitwa Josiah Wendle. Miaka mitatu ukapanda treni kwenda maktaba kubwa ya mjini, chapati kwenye mfuko, kumtafuta mtu huyo. Ulikuwa ukinisimulia kana kwamba ni jirani yetu aliyehamia mbali. Alianza kama kijana wa kupanga herufi za kuchapia, za madini ya risasi. Duka lake la kwanza liliungua, la pili likafurika maji. Alichapa riwaya za Waingereza bila kuwaomba Waingereza. Wakati wa vita vyao alitoa vitabu vidogo vya kuingia mfukoni mwa askari, na vita vilipokwisha akawatuma wajane na wanajeshi waliokatwa miguu wakabishe hodi na vitabu vya mfano. Kisha akafa, na dunia ikawakumbuka waandishi wake, yeye ikamsahau. "Jina lake lilikaa chini ya ukurasa, Gervas. Kama letu." Ulivyosema hivyo nikajua humwachi.

Ukaamua kumwandika kwa Kiswahili, na kumuuza kwa njia yake mwenyewe. Ukashona kitabu chako cha mfano, vipande vitatu vya majalada ndani, karatasi za mistari nyuma, ukaanza kuzunguka nacho. Baraza la Idi. Ubatizo wa watoto wa Kirundi. Kwaya ya Wakongo, ambako mchungaji aliamuru waimbaji wote wachague ngozi. Hukuchukua chochote kwa mtu, ulichukua jina tu. Mimi uliniletea nikague kabla. Nikasoma kuanzia nyuma, nikaona ukurasa wa mwisho una namba 312, nikasahihisha nukta mbili na koma, nikakurudishia. Namba zinaruka, ndiyo, lakini ni kitabu cha mfano, si lazima ziruke? Nilidhani nyingine ziko nyumbani kwako, zimekaa zinasubiri.

Ulipoondoka, Mama alikusanya karatasi zako kwenye katoni. Mimi siruhusiwi kufika Fairfield, na helikopta ya polisi inapita juu ya nyumba zetu ikituambia turudi ndani hata tukiwa ndani. Mama Furaha ndiye aliyeileta. Unamkumbuka, yule Mkongo anayehudumia wazee. Kazi yake ina kibali cha kupita. Aliiweka kizingitini, akarudi kwenye gari, akanipigia simu huku tunatazamana dirishani. "Baba Neema, katoni iko pa mulango. Usiguse mbio! Acha pa jua siku tatu, mikrobi zikufe." Nikaiacha siku tano. Karatasi ulizoshika wewe, Mzee, kwa mikono niliyoibusu, nikazitandaza kwenye ubaraza kama dagaa na kuzigeuza kwa mwiko.

Siku ya sita nikazileta ndani. Kitabu cha mfano. Madaftari manne ya maktaba, kwa Kiingereza, kwa ule mwandiko wako wa kuku aliyekanyaga wino. Na basi. Nilipekua mpaka chini. Nikaikung'uta katoni. Kurasa ulizokuwa umeandika zilikuwa arobaini: moja hadi kumi na sita, arobaini na tisa hadi hamsini na sita, nane za katikati, nane za mwisho. Ulikuwa umeandika zile tu za kuonjesha.

Nilikaa sakafuni. Nikazihesabu tena kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza, zikabaki arobaini.

Saa tisa na nusu siku hiyohiyo Mama akapiga. Operesheni ya macho yake imeahirishwa mpaka ugonjwa upungue, na mtoto wa jicho hajui kwamba kuna karantini, anaendelea kukua. "Imefika katoni? Alhamdulillah. Basi nisomee. Kurasa tatu kila siku, nikishaswali alasiri. Sitaki zaidi. Nataka anidumu."

Ningesema pale. Sentensi moja tu. Lakini alisema "anidumu," hakusema "kinidumu," na mimi nikafungua ukurasa wa kwanza nikasoma.

Siku tano zilikuwa tamu kuliko ninavyoweza kueleza. Kwa mara ya kwanza nilikusoma kuelekea mbele. Mzee, kumbe unaandika! Yule kijana Josiah anavyochafuka risasi mikononi na kuficha viganja mbele ya mama yake, nilisimama kusoma nikajifanya nakunywa maji. Mama alikuwa akicheka mahali ulipokuwa ukicheka wewe. Lakini nilikuwa nahesabu. Kumi. Kumi na tatu. Kumi na tano. Usiku sikulala na mchana nilibana pumzi. Siku ya sita ilikuwa na ukurasa mmoja wako, na mbili za hewani.

Nikaziandika. Ndani ya gari, maegesho ya ghala, mapumziko ya nusu saa, madirisha yamefungwa, barakoa usoni ingawa nilikuwa peke yangu. Nikamsomea kama zako. Kesho yake tatu nyingine. Madaftari yako sikuyafungua. Nilijua nikiyafungua nitaona ukweli, na ukweli ungechukua muda. Nikabuni. Nikamtungia maisha mtu aliyewahi kuishi.

Na nilikuwa naogopa, Mzee. Ghalani wenzangu wawili walitoweka wiki moja, hatukuambiwa kitu, makabati yao yakapuliziwa dawa. Askari wa jeshi walikuwa wakibisha hodi mtaani kuhakikisha walioambiwa wakae ndani wako ndani. Nilikuwa nikipimwa pua kila baada ya siku tatu na kila mara natoka na machozi, nesi anadhani ni kijiti. Hofu yote hiyo ikawa inashuka kwenye karatasi. Nikaleta kipindupindu katika mji wa Josiah. Nikamfungia ndani. Nikamfanya anawe. Ukurasa wa arobaini na moja nikamuua ndugu yake, Amos, yule mwenye kusimamia karatasi, kwa siku moja, asubuhi mzima, jioni jeneza. Watu kumi mazikoni. Kweli niliandika hivyo. Mama alinyamaza sana siku hiyo. Nikadhani nimemgusa. Nikajivuna kidogo, unanijua.

Halafu tukafika arobaini na tisa. Nilikuwa na furaha, kwa kuwa zako zilikuwa zimerudi na ningepumzika siku mbili nzima. Sikuzipitia kabla. Nilizisoma prufu zamani, ningezipitia za nini? Nikafungua nikasoma kwa sauti ya kupumzika: jinsi mashine mpya ilivyowasili, jinsi walivyobomoa mlango ili iingie, na jinsi Amos alivyokuja amebeba robota la karatasi begani, anamtania kaka yake.

Nikaishia hapo.

Kisha Mama akasema, taratibu, "Gervas. Amos si tulimzika?"

Nikasema labda ni Amos mwingine. Mzee, nilisema hivyo. Mtu mzima, mwenye mvi.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akawa yuleyule.

"Nilijua," akasema. "Sikujua ni nini, lakini nilijua. Mmarekani alianza vizuri, anaungua duka anacheka, anafungua lingine. Ghafla akawa mwoga. Kila ukurasa ananawa mikono. Kila anayekuja anaangaliwa kama ameleta kifo. Nikasema, mume wangu nimelala naye miaka arobaini na minne, lini alimwogopa mtu anayebisha hodi?" Akavuta pumzi. "Zake ni ngapi?"

Nikamwambia arobaini.

"Na mia tatu na kumi na mbili?"

Nikamwambia hazipo. Hazikuwahi kuwepo. Akakata simu.

Hakupokea siku ile, wala kesho yake. Nilipiga saa tisa na nusu kila siku, simu inalia mpaka inachoka. Siku ya tatu Mama Furaha akanitumia sauti: "Baba Neema, Mama ako na homa tangu jana. Banamupima. Tunangoja." Nilikuwa ghalani nimebeba sanduku la vyombo, nikaliweka chini nikaisikiliza sauti tena. Siogopi kusema kwamba hofu yangu yote ya nyuma ilikuwa mchezo. Nilikuwa nimeogopa kufa mimi. Sasa niliona kwamba mwanamke yule anaweza kufa na neno la mwisho alilosikia kuhusu mumewe likawa uongo wangu, tena uongo wa kumfanya mumewe mwoga.

Sikuweza kwenda. Nilifika hadi kwenye gari. Nilikaa na ufunguo mkononi na Neema akaja akagonga kioo. Mwanangu unamjua, Kiswahili anakisikia chote na hajibu hata neno moja. Akaniuliza kwa Kiingereza chake nakwenda wapi. Nikamweleza yote, palepale, kioo kimeshushwa kidogo. Akauliza madaftari yenyewe yako wapi. Tukakaa jikoni, yeye akasoma ule mwandiko wako ambao mimi miaka yote nimeshindwa. Baada ya saa moja akainua kichwa, akasema kwa Kiingereza chake. "Dad, huyu Amos alifikisha miaka themanini. Hakufa kwa chochote. Alizeeka tu." Kumbe yote yamo humo, Mzee. Duka, mafuriko, wajane, barua zake, hata alivyokufa. Hukuwa umeandika kitabu, lakini ulikuwa umemkusanya mtu mzima, na mimi nilimwacha kwenye katoni nikatunga wa kwangu kwa sababu wa kwako aliandikwa kwa mwandiko mbaya.

Majibu ya Mama yalitoka siku ya tano. Mafua ya kawaida. Mama Furaha aliposema "ni mafua tu" nililia ghalani mbele ya watu, na wote wakarudi nyuma hatua mbili, hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku ya sita Mama akapiga mwenyewe. Sauti imekwaruza.

"Umekula?"

Nikasema nimekula.

"Muongo. Sikiliza. Yale majina nyuma ya kitabu, utayapigia yote, mmoja mmoja, uwaambie ulivyoniambia mimi. Usiwaambie Athumani aliwadanganya. Athumani alifanya kama Mmarekani wake, aliuza kwanza aandike baadaye, na baadaye haikufika. Wewe ndiye uliyesema imefika. Pili, mfufue Amos. Tatu, zako zisome, nitasikiliza, mimi sina kazi nyingine. Lakini kila ukurasa useme kwanza ni wa nani. Zake useme zake. Zako useme zako. Usinichanganyie tena mume wangu na woga wako."

Kisha ndipo akaniambia nikuandikie wewe.

Nimewapigia. Imenichukua wiki mbili, maana kila mmoja nilimweleza tangu mwanzo. Wawili hawapo tena, Mzee, utakuwa umewaona; binti wa mmoja wao alipokea, tukapeana pole. Mwanafunzi mmoja wa Tanga amesema futa jina langu, mimi siingii mambo ya kitapeli, na nimelifuta, na liliniuma kulikata kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mchungaji wa kwaya alinisikiliza hadi mwisho, akacheka kile kicheko chake cha kanisani. "Sasa Baba, unafikiri tulisaini kitabu? Sisi tulisaini Mzee. Andika tu. Na ile ngozi usisahau."

Nimeungama. Nilikusingizia kurasa thelathini na mbili. Nilikutia mdomoni maneno yasiyo yako na moyoni hofu isiyo yako. Nilimwambia mkeo umemaliza kazi ambayo hukumaliza, na nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa kumwona analia bila kitu mkononi. Naomba radhi. Huku hakuna namna ya kujua kama umenipa.

Nakuahidi mambo haya. Sitaandika ukurasa ambao hauna mizizi katika madaftari yako. Neema atanisomea, mimi nitaandika, na yeye ameanza kuniuliza hili kwa Kiswahili tunasemaje. Kitabu kikitoka, kila ukurasa utaonyesha mkono ulioandika, wako na wangu, hata kama watu watacheka jinsi wangu unavyochechemea. Na nitakisoma kuelekea mbele, Mzee. Hadi mwisho. Nijue kinahusu nini.

Nakuaga. Lala kwa amani mahali ambapo hakuna anayekuambia usimame mbali na mwenzako. Mimi hofu haijaniisha. Leo asubuhi jirani amekohoa nikafunga dirisha. Lakini kesho saa tisa na nusu Mama atapokea simu, nami nitavuta pumzi niseme, "Ukurasa wa kumi na saba. Umeandikwa na Gervas," na ndipo nitaanza kusoma.

Mwanao wa kazini,
Gervas